Kwa Kaskazi na Bamvua: Kuwafuata Ndege kutoka Mida hadi Taita

Kabla ya kuondoka

Tarehe tulizichagua kwa mwezi, likizo ikafuata baadaye. Mwishoni mwa Novemba kaskazi huwa imeanza kushika, vuli bado inanyesha, na safari hii mwezi ulikuwa uandame tukiwa njiani. Giza la mwezi lina faida mbili kwa mtazama ndege wa Kenya. Pwani huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Bara, kule Ngulia katika Tsavo Magharibi, huleta usiku mweusi, na bila usiku mweusi kazi ya Ngulia haiendi. Nitaeleza tukifika.

Mwenzangu ni mwalimu wa jiografia, na alikuja na orodha ndefu: kila ndege adimu wa pwani na wa Taita, pamoja na wageni wote, kwa mpigo mmoja. Nilikata karibu nusu ya majina. Kenya wanakuja, ila si mwezi huu. Ndege mgeni hutafutwa kwa kalenda. Ndege adimu mkazi hutafutwa kwa ramani: yupo mwaka mzima, lakini yupo katika kipande kidogo cha nchi, pengine kwenye aina moja tu ya udongo, na ukivuka mpaka wa udongo huo utamtafuta hadi macho yakuume. Watu wengi huchanganya hesabu hizi mbili. Huenda mahali panapofaa katika mwezi usiofaa, kisha wakarudi wakisema ndege wamekwisha.

Mwalimu hakukubali. Alikunja orodha yake akaitia mfukoni, nzima.

Ijumaa, Hori la Mida

Siku za bamvua maji ya pwani hii hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Mida huchelewa kidogo, kwa kuwa maji huingia kwa mlango mwembamba upande wa Watamu ndipo yajitandaze kati ya mikoko. Kwa hesabu hiyo tulifika kwenye daraja la mbao saa nane mchana, jua likichoma, matope yakiwa wazi na ndege wakiwa mbali, nukta tu hata ndani ya darubini. Mwalimu akaanza kunung'unika. Kijana aliyetuongoza, mzaliwa wa vijiji vya pale aliyelijua hori tangu akivua kaa, alimjibu kwa adabu:

"Mwalimu, usiwafuate. Maji yatawaleta."

Na maji yaliwaleta. Yakianza kupanda, ndege wa matopeni hurudi nyuma hatua kwa hatua, wakila huku wakisogezwa, mpaka wanabanana kwenye ukanda mwembamba ulio mbele ya mikoko. Ukija yamekupwa kabisa, wametapakaa hori zima. Ukija yamejaa pomoni, wamesharuka kwenda kupumzika kwenye mafungu ya mchanga au juu ya michu. Muda mzuri ni zile saa mbili kabla ya maji kujaa, na siku za bamvua muda huo huangukia alasiri, mwanga ukiwa nyuma yako ukitazama mashariki. Mwenye kuja siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, apange upya kila kitu.

Wa kwanza kukaribia walikuwa vitwitwi, wengi, wa aina zinazowachanganya hata wazoefu. Kijana alitufundisha tuache rangi, tutazame mdomo na mwendo. Kuna wanaokimbia hatua chache, wakasimama, wakadona. Kuna wanaochoma matope bila kupumzika, mdomo ukipanda na kushuka. Wenye mdomo uliojipinda chini kidogo, Calidris ferruginea, huzalia kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye nchi ya barafu, katika Juni na Julai, na kuanzia Agosti wako hapa. Novemba wamevaa kijivu, hawana cha kujivunia. Aprili, kabla ya kuondoka, vifua huwa vyekundu kama matofali, na mtu aliyewaona Novemba huapa kwamba ni ndege wengine. Wale wa mwaka wao wa kwanza, wengi hawarudi Siberia msimu huo. Hubaki pwani kusi lote, ndiyo maana ukija Julai hori haliwi tupu.

Kisha wakaja waliotuleta. Mla-kaa, Dromas ardeola, hukosei ukimwona: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-samawati, na mdomo mnene mweusi uliotengenezwa kuvunja magamba. Walitua kundi zima, wakasimama wote wakielekea upepo. Ndege huyu huzalia kwenye fukwe na visiwa vya mchanga kandokando ya Ghuba ya Aden, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, kati ya Aprili na Agosti. Ndege wengi wa matopeni hutaga juu ya ardhi wazi, yeye huchimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai moja jeupe ndani, na joto la mchanga wenyewe husaidia kuliatamia. Tuliyemshangaa zaidi ni kinda wa kijivu aliyekuwa akimfuata mzazi wake na kulia, mzazi akampa kaa. Safari yote ile kutoka kaskazini, na bado anaombaomba! Kwa ndege wa matopeni hilo ni jambo la nadra, maana makinda ya wengi hujilisha tangu siku za mwanzo.

Sululu walipita wakipiga filimbi yao. Jua lilipokuwa linazama, keremkeremu wekundu wa kaskazini wakaanza kuingia kwa mafungu kutoka bara, kifua na mgongo vikiwaka, kichwa cha kijani-samawati, wakaenda kulala kwenye mikoko ya upande wa pili. Hawa hawatoki Ulaya. Huzalia Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wakashuka pwani kaskazi ikivuma, hadi Machi hivi. Ugeni wao ni wa ndani ya Afrika, na orodha nyingi huusahau.

Ada ya kupita darajani husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke. Tulilipa tena kesho yake, kwa kuwa mwalimu alitaka kuona kila kitu mara ya pili.

Jumamosi, Arabuko-Sokoke

Hapa kalenda inawekwa kando. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi ndio mkubwa kuliko vipande vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki, nao umegawanyika kwa udongo. Ukitoka upande wa barabara ya Malindi ukielekea magharibi unaanza na msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, unaingia ukanda wa mchanga mweupe wenye mirihi, miti iliyoachana na mwanga mwingi chini yake, kisha ghafla gari linaingia kwenye udongo mwekundu na vichaka vya Cynometra vilivyosokotana hata sungura angeomba njia.

Kila ukanda na wakazi wake. Kwenye mirihi ndiko anakokaa chozi wa Amani, juu kabisa kwenye majani, akimlazimisha mtu kukunja shingo asubuhi nzima. Chini, kwenye mchanga, hutembea Anthus sokokensis, ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi, wa jamii ambayo mahali pengine hukaa mbugani. Huyu amechagua kivuli cha msitu. Anatembea kimya kati ya majani makavu na humwoni mpaka aruke. Tulimwona mara moja, akatua kwenye tawi la chini akiwa anatingisha mkia, akatutazama kama watu waliokosa adabu. Sengi wa kiuno cha dhahabu alipita mbio, naye ni mnyama wa huku tu, lakini hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Saa tano asubuhi, kwenye udongo mwekundu, kiongozi wetu alisimamisha gari na kuingia kichakani peke yake. Mtu wa makamo, maneno machache. Tulingoja. Alipotokea, aliita kwa mkono, tukamfuata tukiwa tumeinama, miiba ikitushika mashati, hadi akanyoosha kidole kwenye fundo la matawi lililo usawa wa kifua. Sikuona kitu. Akanyoosha tena. Ndipo macho mawili ya manjano yakafunguka.

Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ana urefu usiozidi sentimita 18, na wanasayansi walimtambulisha mwaka 1966. Walikuwa wawili, bega kwa bega, mmoja wa kijivu na mwingine wa kahawia-nyekundu, maana ndege huyu hutokea kwa rangi mbali mbali. Makao yake ni Arabuko-Sokoke, na nje ya Kenya anajulikana chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala chini chini, na jozi ikilipenda fundo fulani hurudi hapo hapo. Kiongozi anayezijua sehemu hizo ana thamani kuliko darubini ya bei yoyote. Tulikaa dakika chache tu. Hakuna taa ya kamera, hakuna sauti ya kurekodiwa. Mwalimu aliuliza kama tungeweza kumchezea mlio kwenye simu ageuke kidogo, na yule mzee akamtazama tu.

"Akihama hapa leo," alisema tukishatoka, "kesho nitawaonyesha nini wengine?"

Usiku tuliwasikia, sauti fupi ya duara inayorudiwa kwa kipimo kimoja bila kuchoka. Mwezi wowote, mvua au kiangazi, wapo. Ila siku za mvua barabara ya udongo mwekundu hufungwa na matope, kwa hiyo hata kwa mkazi mwaka una la kusema.

Mwalimu alitoa orodha akauliza kuhusu yule ndege wa madoa anayetembea sakafuni mwa msitu kwenye magofu ya Gede, Geokichla guttata. Nikamwambia: huyo ni mgeni wa kusi. Hufika kutoka kusini karibu na Aprili, na Novemba inapoisha keshaondoka. Tulipita Gede jioni hata hivyo. Msitu mzuri, magofu mazuri, ndege hakuna.

Jumapili, mdomo wa Sabaki

Mto Sabaki, ambao juu zaidi huitwa Galana na juu zaidi ya hapo Athi, huingia baharini kaskazini mwa Malindi ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo unaoubeba ndio uliopanua ufuo wa Malindi miaka hii, na ndio unaotandaza matope na mafungu ya mchanga ambayo ndege wanayapenda. Tuliacha gari karibu na daraja tukatembea kwa miguu hadi mlangoni, viatu mkononi.

Shakwe na buabua walikuwa mamia kwa mamia, wamekaa kwa safu kwenye fungu la mchanga, na kila dakika chache wote wakaruka kwa sababu kozi amepita, wakatua tena. Heroe wachache walisimama nyuma yao. Upande wa Mambrui, kwenye majani mafupi yanayofurika maji ya mvua, tulimpata Anthus melindae, ndugu wa yule wa msituni, mwenye michirizi mizito kifuani, ambaye dunia yake ni pwani ya Kenya na kusini mwa Somalia. Mbuzi walikuwa wakila hapo hapo kati yao, na nionavyo ndege walifaidika, kwa kuwa majani yakirefuka hawayataki.

Jambo la Sabaki ninalolisisitiza kwa kila mtu ni hili: mahali hapa pana misimu miwili, na watu wanajua mmoja. Wageni wa kaskazini wapo Septemba hadi Aprili. Wakiondoka, kusi ikianza, anaingia mgeni kutoka upande usiotarajiwa. Glareola ocularis, ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, huzalia Madagaska, kisha wakati wa baridi ya huko huvuka bahari kuja kukaa pwani yetu, na mdomo wa Sabaki ni moja ya sehemu anazokusanyika kwa maelfu, hasa Julai hadi Septemba. Hukaa mchangani mchana kutwa wakielekea upepo, na jioni huruka kuwinda wadudu. Idadi yake duniani inapungua. Alikuwa wa tatu kwenye orodha ya mwalimu, na nilipomwonyesha mchanga mtupu ambao Agosti hufichwa na miguu ya ndege, alikubali kwa mara ya kwanza kukata jina kwa kalamu yake mwenyewe.

Jumatatu, Dakatcha

Tulipitia Marikebuni hadi Marafa, kisha kwa pikipiki. Kwera wa Kilifi, Ploceus golandi, huonekana Sokoke kwenye mirihi, akipita na makundi ya ndege wengine, siku moja wapo, wiki nzima hawapo. Kiota chake hakikujulikana hadi mwaka 2013, kilipopatikana hapa Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu kilichoota mafunjo katikati ya msitu. Karne nzima watu walitafuta viota juu ya miti, kumbe viko majini.

Kinamasi tulichopelekwa kilikuwa na matope tu. Mvua ya vuli ilikuwa imepita pembeni. Huyu ndege hafuati mwezi wala upepo, anafuata maji yakituama, na hakuna kalenda ya hilo isipokuwa kumpigia simu mtu wa huko na kumuuliza kumenyesha vipi. Magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa kando ya njia karibu safari yote ya kurudi.

Jumanne, kando ya Galana

Kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, mto ukiwa kulia kwetu na mikoma ikiuandama, ni siku ya kukaa garini. Nilitegemea usingizi. Lakini usiku ulikuwa umenyesha, na saa tatu asubuhi kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kama moshi.

Nyuma ya mvua ndipo walipo vipanga wa Amur. Mwanzoni tulihesabu watatu, kisha anga lote likawa nao, wakizunguka, wakidaka kumbikumbi kwa kucha na kuwala hewani bila kutua. Dume ni wa kijivu, mapaja mekundu-kahawia, na kwapa jeupe linalong'aa akigeuka juani. Huzalia mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa Uchina, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India katika Oktoba na Novemba, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa mkupuo, kilomita zipatazo 3,000 za maji matupu, upepo wa kaskazi ukiwasukuma mgongoni. Kwetu hupita Novemba na Desemba wakielekea kusini mwa Afrika. Hawakai. Ukifika wiki ya ukame huwaoni hata mmoja, ukifika siku moja baada ya mvua kubwa unakaa ndani yao. Mwalimu, ambaye miaka yote amefundisha pepo za msimu kwa mishale ubaoni, alitoka akasimama mlangoni mwa gari, dereva akamvuta shati: "Mwalimu, rudi ndani, hii ni Tsavo."

Kambu wa Ulaya walikuwa kwenye kila mti mkavu, samawati na mgongo wa hudhurungi. Wengi hubaki Tsavo hadi Aprili. Wakati huo hupita pwani kwa makundi wakirudi kaskazini, na hao ndio ningewaambia watu wawasubiri, kwa kuwa Aprili ndege anaporudi kuzaa anakuwa amevaa vazi lake zuri.

Jumatano usiku, Ngulia

Hoteli ya Ngulia iko kwenye ukingo wa genge, milima nyuma yake. Tangu ilipofunguliwa, mwaka 1969, iligundulika kwamba taa zake za nje zilileta ndege usiku, na kazi ya kuwavisha pete miguuni, ili watambulike wakipatikana kwingine, ilianza mwaka huo huo. Mpaka leo watu hukutana pale kila Novemba na Desemba, siku za giza la mwezi.

Utaratibu wake ni huu. Ndege wadogo wa Ulaya na Asia husafiri usiku, wakijielekeza kwa nyota. Vuli ikinyesha, ukungu hushuka kwenye milima ya Ngulia na kuwafunika. Wakiwa gizani ndani ya ukungu, mwanga pekee ni wa hoteli, nao huujia. Mwezi ukiwepo hawavutwi. Ukungu usipokuwepo hupita juu na hakuna anayejua. Mambo yote matatu lazima yakutane: giza, ukungu, na msimu. Mwezi wetu ulikuwa mchanga, ukazama mapema. Ukungu ukangoja hadi saa nane na nusu usiku, wakati mwalimu alikuwa amelala kitini na mimi nilikuwa nafikiria kitanda.

Ulipoingia, uliingia kwa dakika chache tu. Kisha sauti, vijilio vidogo vidogo juu ya vichwa vyetu, kila upande. Kisha ndege wenyewe ndani ya mwanga, wakizunguka, wakitua kwenye majani, kwenye reli ya veranda, mmoja kwenye begi langu. Nyavu nyembamba zilikuwa tayari. Wavisha pete walikwenda na kurudi wakiwa wamebeba mifuko ya kitambaa, wakatoa ndege mmoja mmoja, pete ya alumini mguuni, bawa kwenye rula, ndege kwenye mizani, mtu anaandika, ndege anaachiwa. Hakuna aliyezungumza zaidi ya namba. Sisi wageni tuliwekwa nyuma ya kamba, na hiyo ni haki.

Wengi walikuwa Acrocephalus palustris, ndege wa kahawia asiye na alama yoyote ya kukumbukwa, gramu 11 au 12. Huzalia Ulaya na magharibi mwa Asia, hukaa kwanza upande wa Ethiopia na Sudan, na mwishoni mwa mwaka hupita Kenya kuelekea kusini-mashariki mwa Afrika. Huimba kwa kuiga sauti za ndege wengine, zikiwemo za ndege wa Afrika, hivi kwamba mtu wa Ulaya anayemsikia Juni anasikia vichaka vyetu. Wengine waliovishwa pete Ngulia wamepatikana baadaye huko huko Ulaya na Mashariki ya Kati, na kwa pete hizo ndipo njia yao ilipojulikana.

Karibu na alfajiri mmoja wa wavisha pete alisema neno, na wenzake wote wakasogea. Ndege mkononi mwake alifanana na wale wengine, ila mkubwa kidogo, mdomo mrefu na mwembamba. Acrocephalus griseldis, ndege wa matete wa Basra. Karibu wote duniani huzalia kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki, yale yaliyokaushwa katika miaka ya 1990 na kuanza kurudishiwa maji mwaka 2003. Yumo kwenye hatari ya kutoweka, na wakati wa kaskazi hukaa kuanzia pwani ya Kenya kushuka hadi Msumbiji. Huyu ni mgeni na ni adimu kwa pamoja, kalenda na ramani zote mbili lazima zikubaliane ndipo umwone. Nilimwona kwa muda wa kuvishwa pete. Akaachiwa kichakani.

Mwalimu alikuwa ameamka. Hakuwa na jina hilo kwenye orodha.

Ijumaa, Ngangao

Alhamisi tulilala. Ijumaa tulipanda Wundanyi kwa barabara ya kona, mashamba yakiwa yamening'inia kila upande, na tukaingia msitu wa Ngangao asubuhi ukungu ukidondoka kwenye majani.

Milima ya Taita iko mwisho wa kaskazini wa safu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake ya asili imebaki vipande vipande: Ngangao, Mbololo, Vuria, Chawia na vingine vidogo zaidi, kati yake mashamba, mikaratusi na misonobari. Ndani ya vipande hivyo, na si mahali pengine popote duniani, wamo Turdus helleri, wa kichwa cheusi, ubavu mwekundu-kahawia na mdomo wa rangi ya chungwa, na Apalis fuscigularis, kidege cha kijivu chenye koo jeusi ambacho kimo kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka. Kalenda haikusaidii hapa. Unachohitaji ni kusimama kimya mahali ambapo mti umeanguka na vichaka vimejaa, kwa kuwa apalisi hupenda mapengo hayo, na kusubiri mlio wake.

Mdomo wa chungwa tulimwona, akipekua majani mita chache mbele, akasimama, akaendelea. Apalisi tulimsikia mara mbili na kuona tawi likitikisika. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani alituuliza tunatafuta nini, tukamwambia.

"Huyo mdogo? Nendeni Vuria," alisema. "Hapa anaringa."

Tungekwenda, lakini mvua ilianza, ya kweli, na dereva alitazama barabara ya kushukia akatikisa kichwa. Tukiwa Wundanyi tukinywa chai, mwalimu alitoa orodha yake, sasa imelowa pembeni, akaanza kuiandika upya kwa safu mbili. Safu ya kwanza imeandikwa miezi: Aprili kwa kambu na vitwitwi wenye vifua vyekundu, Juni kwa yule wa madoa wa Gede, Agosti kwa wageni wa Madagaska pale Sabaki. Safu ya pili ina majina ya mahali tu: Vuria, Dakatcha. Mbele ya Dakatcha aliandika namba ya simu ya mwenye pikipiki wa Marafa, ili amuulize kila mvua ikinyesha kama kinamasi kimeshika maji.